Hori ya Mlangoni

Jumapili, 30 Novemba

Padri ametuagiza kila mmoja awe na daftari katika kipindi hiki cha Majilio, na kila siku aandike jambo moja alilomtayarishia Bwana. Mume wangu amesema yeye ataandika kichwani. Mimi nimefungua ukurasa huu, nikaandika "Uvumilivu", na kabla wino haujakauka nikamfokea huyo huyo mume wangu kwa kuacha viatu vya matope katikati ya sebule. Basi, tumeanza.

Mvua imenyesha tangu alfajiri.

Jumatatu, 1 Desemba

Padri akilisoma hili lazima ajue ninapofanya kazi. Mimi ni msimamizi wa idara ya vyombo katika duka kubwa la pale kona: sufuria, sahani, vikombe na vijiko. Lakini kila Desemba nina kazi ya pili ambayo hakuna aliyewahi kuniajiri. Natengeneza pango la Noeli mlangoni. Marehemu mwenye duka ndiye aliyemnunua Mtoto, sanamu ya plasta iliyopakwa rangi kwa mkono, na uzito wake ni wa mtoto mchanga wa kweli. Kila ninayempa ambebe hushtuka, kisha bila kujua anaanza kumbembeleza.

Watoto wa marehemu wameuza duka. Sasa tuna meneja mpya, kijana mwenye shati linalong'aa, nasi tunamwita Bwana Mauzo kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo. Keshia mmoja alifiwa na mama yake mwezi uliopita, naye akamwambia, "Pole sana dada, Mungu akutie nguvu, tusaidiane na kwenye mauzo."

Leo ametuita kikaoni. Mlango wetu umekodishwa msimu mzima kwa kampuni ya simu. Nikauliza kuhusu pango. "Litakuwepo, mama," akasema. "Ila la kisasa."

Jumanne, 2 Desemba

Mvua. Paa la mlangoni linavuja, tumeweka ndoo.

Alhamisi, 4 Desemba

Sasa najua kisasa ni nini. Kutakuwa na nyota juu, majani makavu chini, hori katikati, na ndani ya hori, badala ya Mtoto, simu mpya iliyofungwa kitambaa cheupe. Bango litasema: AMEZALIWA! MWOKOZI WA MFUKO WAKO!

Nilidhani ni utani. Nikatazama huku na huku nione nani anacheka.

"Na Mtoto je, bosi?" nikauliza.

"Mtoto gani?"

"Mwenye sikukuu."

Hapo wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtu kutumia lifti. "Mama, wateja wetu ni wa kila aina. Hatutaki kumkwaza mtu."

"Kwani simu haikwazi?"

"Simu ni ya wote."

 Nimerudi idarani kwangu nikapanga upya sufuria ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nimemchukia, Padri. Nakuandikia ukweli.

Ijumaa, 5 Desemba

Hakuna la maana. Nimesali vibaya.

Jumapili, 7 Desemba

Baada ya misa nilimngoja Padri pale uani nikamweleza yote. Nilitegemea atakasirika pamoja nami. Alinisikiliza, akafuta miwani yake, akaniambia, "Mama, mtetee Bwana, lakini polepole. Ukiwa na haraka utamkanyaga mtu."

Padri wetu ni mtu mwema, ila siku hizi amelainika mno. Angalau angesema neno moja kali, nikapata la kwenda nalo nyumbani.

Jumanne, 9 Desemba

Habari njema ndogo. Kazi ya kuchonga hori amepewa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, fundi seremala. Bwana Mauzo alimpigia simu, akamwagiza, wakamalizana. Nimejisemea, hata wakiweka simu, angalau mbao zitakuwa za mkono wa nyumbani.

Alhamisi, 11 Desemba

Binti yangu amepata kazi.

Tangu amalize chuo amekaa nyumbani mpaka kuta zinamjua. Ameomba kila mahali. Kila asubuhi anafagia ua ambao ni msafi, na mimi najifanya sioni. Leo nilipofika tu alinirukia shingoni, baba yake anaimba, nami nikaimba kabla ya kujua ninaimbia nini. Ni kazi ya matangazo, ya msimu huu kwanza. Akifanya vizuri watampa mkataba baada ya mwaka mpya, na ofisi yake mwenyewe huko makao makuu ya kampuni.

"Kampuni ya nini?" nikauliza.

"Ya simu."

Nikaweka chini sufuria niliyokuwa nayo. "Na utafanya nini hasa?"

"Nitakaa hapo mlangoni kwenu. Nitavaa mtandio wa buluu, nitatangaza."

"Ukiwa nani?"

Alimtazama baba yake kwanza. Mtoto akimtazama baba kabla ya kumjibu mama, mama ameshajibiwa.

"Maria," akasema.

"Hufanyi."

"Mama, ni kazi."

"Ni kufuru. Utainyanyua simu mbele ya watu, useme amezaliwa?"

"Ni kazi, mama! Wewe unaamka kila siku una pa kwenda. Hujui kukaa hapa mpaka majirani wanakutuma dukani kama mtoto mdogo, na huwezi kukataa kwa sababu wanajua huna shughuli."

Mume wangu akasema, "Jamani, tule kwanza." Hatukula. Yaani wao walikula. Mimi nilikaa chumbani nikasikia vijiko.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikumsemesha.

Jumamosi, 13 Desemba

Sikumsemesha. Amenipasia nguo ya kanisani bila kuombwa, akaitundika mlangoni. Mvua haijakata.

Jumapili, 14 Desemba

Nilivaa nyingine.

Jumatatu, 15 Desemba

Ningependa mtu yeyote anayesoma hapa akae chini kwanza.

Shemeji ameleta hori. Amekuja nayo kwenye mkokoteni, imefunikwa turubai kwa ajili ya mvua, na yeye mwenyewe amejaa fahari. Tukakusanyika mlangoni. Akavuta turubai. Palikuwa na mtumbwi.

Mtumbwi mdogo, mzuri mno, umepigwa msasa ukateleza, mbele umechongoka na nyuma umechongoka, umekaa juu ya vigingi viwili.

"Shemeji," nikamwambia, "hii ni nini?"

"Hori."

"Hori ya kulia ng'ombe?"

"Ng'ombe tena? Mimi nimeambiwa hori. Kwa bibi yetu mzaa mama hori ni hii, na tumevuka nayo tangu wadogo. Muulize mumeo."

"Na hukujiuliza hori ya kuvukia itafanya nini kwenye pango?"

"Shemeji, watu wa matangazo nimewatengenezea kiatu cha kulala watu watatu. Siku hizi siulizi."

Bwana Mauzo akaizunguka mara mbili, mikono nyuma. Nikangoja alipuke. "Safi sana," akasema. "Ila kwa nini imechongoka hivi?"

"Ili ikate maji, bosi."

"Inavutia. Watu watapiga picha."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba naye hajui hori ni nini. Alilikuta neno mahali akaliagiza kama anavyoagiza sabuni. Mlinzi akasogea karibu, akatikisa kichwa kwa heshima: "Hii si ndiyo ile ya Nuhu?"

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya katoni ya sahani. Nilivunjika mbavu. Shemeji alikuwa anacheka, keshia wote wanacheka, na binti yangu, aliyekuja kupimwa mtandio, alikuwa amejishika tumbo upande wa pili. Macho yetu yakakutana. Tulikaribia kuwa sawa, kwa dakika ile.

Kisha kicheko kikaniisha ghafla. Nilitazama mlango mzima, watu wazima, zaidi ya nusu yetu tumebatizwa, na mpaka niliposema mimi hakuna aliyeona kwamba Mtoto amewekewa mtumbwi. Nikainuka nikarudi kwenye vyombo vyangu. Nilimpa binti yangu kisogo bila hata kufikiri.

Jumanne, 16 Desemba

Mvua, wateja wengi. Hori inayumba kidogo mtu akiigusa, shemeji ameibana kwa kipande cha mbao.

Jumatano, 17 Desemba

Leo wamefanya majaribio, na idara yangu inatazamana na mlango. Sikuwa na pa kuelekeza macho.

Ngoma inapigwa. Anainama juu ya hori, anachukua kile kifurushi cheupe kwa mkono mmoja, anakiinua juu kabisa na kupaza sauti: "Amezaliwa!" Sauti yake ni nzuri. Ni mimi niliyempeleka kwaya ya watoto akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Alipendeza sana katika ile buluu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko bango.

Wateja wakapiga makofi. Mama mmoja wa jumuiya yetu, tunasali naye benchi moja, akanisogelea na kikapu chake. "Yule si binti yako?"

"Ndiye."

"Hongera! Mungu amekukumbuka." Akachagua jagi la maji akaenda zake.

Hongera. Nimelirudia neno hilo njia nzima. Huenda ni mimi peke yangu ninayeona. Huenda mwenye kasoro ni mimi.

Ijumaa, 19 Desemba

Wakati wa mapumziko binti yangu alikuja idarani, bado na mtandio wake. Akasimama karibu na vifuniko vya sufuria.

"Mama, nataka kukuambia kitu."

"Niko kazini."

"Ni kidogo tu."

Nikaendelea kulinganisha vifuniko na sufuria zake. Alisimama kidogo, akashika kifuniko kimoja, akakirudisha, akaondoka.

Jioni mume wangu aliniuliza, "Mke wangu, hebu niambie. Unanuna kwa ajili ya Mungu au kwa ajili yako?" Nikamwambia ale chakula kisije kikapoa.

Nina haki ya kukasirika. Naandika hapa ili niione imeandikwa.

Jumapili, 21 Desemba

Padri amenipangia somo la misa ya Noeli asubuhi. Nimefurahi. Nimelisoma nyumbani kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, mlango wa chumba cha binti ukiwa wazi. Aliufunga taratibu.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimemtoa Mtoto stoo. Nilikuwa nimemviringisha kwenye taulo nyuma ya masufuria makubwa ya sherehe. Nimemfuta vumbi kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, hata katikati ya vidole. Kesho ni ile siku kubwa, wakubwa wa kampuni wanakuja na kamera.

Kuna jambo nimelifikiria. Sitaliandika.

Jumanne, 23 Desemba

Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Niliingia dukani asubuhi pamoja na wanaofanya usafi. Nilikuwa na Mtoto kwenye mfuko, nimemfunga kitambaa cheupe kama kile kile. Nikatoa simu horini nikaitia kwenye droo ya vijiko. Nikamlaza Mtoto, nikamfunika uso. Nikasali. Nilisema, "Bwana, leo jionyeshe." Roho yangu ilikuwa nyeupe, hilo ndilo la kuogofya. Sikuhisi hata kidogo kama ninafanya jambo baya. Niliona mbele yangu jinsi atakavyofunua kitambaa, watu watanyamaza, Bwana Mauzo ataona haya, na binti yangu ataniangalia na kuelewa. Nilishamsamehe kabisa, kwa sharti kwamba aelewe.

Mchana mvua ikamwagika. Watu wa barabarani wote wakakimbilia mlangoni kwetu kujikinga, wakajaa mpaka kwenye vikapu. Wakubwa wa kampuni walisimama mbele na miavuli yao inachuruzika. Kamera zikawashwa, ngoma ikaanza.

Binti yangu akatokea na mtandio. Kabla ya kuinama alinitafuta kwa macho mpaka akaniona, akatabasamu kidogo. Nilidhani ananikomoa. Nikakaza uso.

Akasema kwa sauti kubwa: "Karibuni nyote! Leo tuna zawadi kwa kila nyumba!" Kisha akanyoosha mkono mmoja, kama alivyozoea, akakivuta kifurushi juu kwa nguvu ile ile ya kuinua simu.

Hakikuwa simu. Niliona mkono wake ukivutwa chini na uzito. Akaleta mkono wa pili ukachelewa. Mtoto akamponyoka, akagonga ukingo wa hori, na ile hori, kwa kuwa ilichongwa kuelea na si kukaa, ikabiringika ikatupa vigingi vyake. Vyote vikaanguka pamoja kwenye vigae.

 Ilisikika mvua tu. Kitambaa kilikuwa kimefunguka, na kichwa cha Mtoto kikaviringika mpaka kwenye magurudumu ya kikapu cha mteja. Kuna mtoto wa kike alikuwa mgongoni kwa mama yake. Akauliza, "Mama, amekufa?"

Halafu mtu mmoja akacheka, na wengine wakapata ruhusa. Simu zikainuliwa juu kila upande.

Binti yangu alipiga magoti. Aliviokota vipande kimoja kimoja akavitia kwenye mtandio wake, hata vile vidogo. Plasta ilimkata kiganjani, akaendelea kuokota.

Bwana Mauzo alifika amebadilika rangi. "Nani ameweka hiki? Nani?"

Mimi nilikuwa pale kwenye sufuria. Si mbali. Nilikuwa karibu kiasi kwamba niliona damu kiganjani mwa binti yangu. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Binti yangu aliinua kichwa akanitazama mimi, si bosi, na akaona kila kitu. Aliona nimefanya, na aliona ninaogopa.

Nikafunga mdomo.

"Mimi," akasema.

"Wewe?"

"Mimi, bosi. Nilitaka Mtoto awepo."

Akaambiwa avue mtandio aende. Akamimina vipande kwenye boksi kwa utaratibu, akaukunja mtandio pembe kwa pembe, akauweka juu ya kaunta, akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Hakunitazama tena.

Nami nikamaliza zamu yangu. Mteja alitaka sufuria yenye mfuniko wa kioo. Nikamtafutia.

Jumatano, 24 Desemba

Video imefika kila mahali. Wameiita "Bikira Kaangusha". Jirani amenionyesha huku akinipa pole, na chini watu wameandika maneno ambayo sitayaweka kwenye daftari la Majilio. Wengine wanamwita mlevi. Wengine wanasema ni laana kwa aliyemwigiza Mama wa Mungu, ndiyo malipo yake. Hao ni watu wa kanisa. Wiki iliyopita na mimi ningeandika vivyo hivyo.

Nilisimama nje ya chumba chake. "Mwanangu."

"Nimelala, mama."

Mume wangu hajui. Amekaa ameshika tama, anasema hamwelewi mtoto huyu, kwa nini aharibu kazi yake mwenyewe kwa mkono wake. Nilikuwa namenya vitunguu, kwa hiyo machozi yangu hayakumshangaza.

Alhamisi, 25 Desemba. Noeli

Zamu ya somo ilipofika nilipanda. Kitabu kilikuwa wazi, utepe umewekwa mahali pake. Nilitazama mstari wa kwanza nikaona maneno yote, kila moja najua kulitamka, na sikuweza. Kanisa zima likaningoja. Padri akageuza kichwa chake kidogo. Nikashuka, na kijana wa kwaya akaenda kusoma badala yangu.

Tulipotoka walinizunguka. "Pole mama, tunajua unachopitia." "Watoto wa siku hizi, jamani." "Umemlea vizuri, si kosa lako." Mama yule wa jagi la maji alinikumbatia.

Nikasema, "Asanteni."

Basi hilo ni kosa la pili. Jumanne niliweza kujidanganya kwamba nilipigwa na bumbuwazi. Leo sikuwa na bumbuwazi lolote. Nilisimama uani mwa kanisa, siku ya kuzaliwa kwake, nikapokea pole kwa aibu niliyomtwisha mwanangu, na nikashukuru.

Mwezi mzima nimelalamika kwamba wale wamemtoa Mtoto wakaweka bidhaa. Mimi nilimrudisha, ndiyo. Nilimrudisha ili anipiganie. Nilitaka awaaibishe niliowachukia, na amnyooshe binti yangu mbele za watu. Yule aliyepiga magoti kwenye vigae ndiye aliyekuwa anaiadhimisha Noeli, nami nilikuwa nasimama nyuma ya sufuria.

Ijumaa, 26 Desemba

Asubuhi nilipiga moyo konde nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Mauzo. Alikuwa peke yake, anakula mkate mkavu juu ya makaratasi, shati ni lile lile la juzi. Sikuwahi kumwona akiwa ameketi. Anaonekana mdogo. Ana umri wa mtoto wangu wa kwanza kama angeishi.

"Bosi, sanamu niliiweka mimi. Simu iko kwenye droo ya vijiko. Binti yangu hakujua."

Aliacha kutafuna. Nilingoja anifokee, na ningefurahi kama angenifokea.

"Mama," akasema mwishowe, "unajua binti yako alikuja hapa Ijumaa ile?"

"Ijumaa gani?"

"Wiki moja kabla ya leo. Alisimama hapo hapo ulipo. Akaniambia hatasema lile neno, amezaliwa. Nikamwambia neno hilo ndilo tangazo lenyewe. Akasema basi mtafuteni Maria mwingine, maana mama yangu halali usingizi. Nikawapigia wakubwa, nikagombana nao, wakakubali. Na bango jipya lilichelewa kuchapishwa, tulikuwa tulibadilishe usiku wa tarehe ishirini na nne. Alisema anashuka kukuambia."

Nikamkumbuka binti yangu Ijumaa ile. Nilimwona pale kwenye vifuniko, na kile kifuniko mkononi mwake.

"Kwa nini ulikubali?" nikamuuliza.

"Mimi nina mama pia," akasema, akatazama mkate wake.

Kazi ya binti haiwezi kurudi. Kampuni imeshachukua mwingine, na ile video imeshafika juu. Na mimi ameniambia, kwa sauti ya chini na bila kuniangalia, kwamba hawezi kuniacha idarani baada ya hilo. Nikamwambia naelewa. Alinisindikiza mpaka mlangoni akanishika mkono kwa mikono miwili. Katika mazungumzo yote hayo hakutaja mauzo hata mara moja.

Nilifika nyumbani kabla ya saa za kawaida. Mlango wa chumba cha binti ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kitandani anajaribu kufunga kitambaa kiganjani kwa mkono mmoja na meno.

"Mbona mapema?" akauliza.

"Nimewaambia."

Akaachia kitambaa. "Umewaambia nini?"

"Kwamba ni mimi. Wamenifukuza."

Nilidhani labda atalia, au atanikumbatia. Alinitazama kama mtu aliyeona maziwa yanamwagika. "Ungenyamaza tu, mama! Nilishapiga hesabu. Mimi ni kijana, nitapata nyingine. Wewe kwa umri wako nani atakuchukua? Sasa tumekosa wote wawili."

"Ndiyo maana ulisema ni wewe?"

"Ulidhani kwa nini?"

 Nikamwambia najua pia kuhusu neno alilokataa kulisema. Akainamisha kichwa. "Nilikuja kukuambia," akasema. "Ukawa na vifuniko vyako."

Nimemzaa, nimemlea, nimemfundisha kuomba radhi kwa kila mtu mpaka kwa kuku wa jirani, na mimi mwenyewe sijawahi kumwomba hata siku moja.  Leo nimelisema neno hilo. "Nisamehe, mwanangu."

Aliokota ncha ya kitambaa, akaiviringisha kidoleni. Kisha akasema, "Sijui bado, mama."

"Sawa."

"Inauma."

"Najua."

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni. Kile kitambaa kilikuwa kimemlegea, kidonda kinaonekana, hakijasafishwa vizuri. Nikamuuliza kama naweza kuleta maji ya uvuguvugu nimfunge upya. Alifikiri kidogo, akatazama dirishani, kisha akanipa mkono.